Siku Niliyooa Ukuta wa Muhima

Nianze kwa kukiri yote, msije mkasema nilificha. Mimi, mtu mzima mwenye cheti cha chuo na miwani, nimewahi kunaswa mkono ndani ya ukuta wa duka, mchana kweupe, nikiwa nimevaa koti la bwana harusi ambalo si langu, huku shangazi wa mchumba wangu, ambaye sikuwa nimewahi kumtia machoni, akinihoji mbele ya wauza vitenge. Wengine huaibishwa na pombe. Mimi niliaibishwa na usanifu wa majengo (na mdomo wangu pia, lakini tutafika huko taratibu).

Ilikuwa Kigali, mwaka tisini na mbili. Mimi ni mtu wa Bukoba kama mnavyonijua, na baada ya chuo nilivuka mpaka pale Rusumo kwenda kutafuta maisha, nikapata kazi ya kuchora ramani za nyumba kwenye ofisi ya mkandarasi mmoja pale mjini. Vita vilikuwa kaskazini na watu walikuwa wanaishi kwa tahadhari, lakini walikuwa wanaishi, wanauza, wananunua, wanaoana na kugombania bei kama watu wa mahali popote. (Yaliyokuja baadaye mnayajua, na hayasimuliwi huku watu wanacheka. Haya ni ya kabla.)

Sasa chuoni tulikuwa na mwalimu aliyemwabudu msanifu mmoja wa Ulaya, mzee maarufu sana, aliyejenga makanisa na mabunge na maktaba, na kila somo lilikuwa linaishia kwenye vivuli vya huyo mzee, vivuli vyake vinavyopumua, vivuli vyake vyenye adabu, mpaka sisi wanafunzi tukampa jina la Bwana Kivuli. Katika kitabu kikubwa cha kazi zake, huko kurasa za mwisho wanakotupa vijikazi visivyo na maana, kulikuwa na picha moja ndogo kama stempu ikionyesha ngazi, ukuta wenye matundu ya mraba, na chini yake imeandikwa tu kwamba ni duka, Kigali. Mwalimu alisema ndani ya kila tundu kuna ukingo wa saruji katikati, unaovunja mwanga ili uingie ndani umepoa. Mimi nikasema hakuna ukingo wowote, ni mteremko tu. Tulibishana kipindi kizima, wenzangu wakacheka, nikapata alama mbovu, na mimi ni mtu ambaye nikishindwa ubishi naweza kuubeba miaka mingi kama mtu aliyebeba mawe kwenye mfuko wa suruali.

Mnaona mlivyokaa mkao wa kusikia habari za mapenzi na mimi nawaletea matundu. Subirini, mapenzi yapo.

Kulikuwa na Speciose. Alikuwa keshia kwenye duka la mikate karibu na ofisi yetu, mrefu, mpole, mwenye kuhesabu chenji bila kuangalia vidole, na mimi nilikuwa nanunua mikate mingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, mpaka siku moja akaniuliza kama nina kuku. Basi tukazoeana, tukapendana, tukakubaliana sisi wawili kwamba tutaoana. Lakini kule, ndugu zangu, kukubaliana wawili si kitu. Baba yake, Mwalimu Gaspari, mwalimu mkuu mstaafu anayeishi Kagugu (wakati huo Kagugu ilikuwa migomba na mtama, si magorofa mnayoyasikia leo), alikuwa ameshika mila kama alivyoshika rozari. Na mila inasema neno la harusi halitamkwi popote, si sokoni wala kanisani, mpaka wazee wa mvulana wawe wamekwenda kwa kina binti na pombe yao, wameketi, wameomba waruhusiwe tu kuja kuomba. Wenyewe wanaita gufata irembo, yaani kushika lango. Ukitangaza kabla ya hapo, maana yake umemwona baba wa watu hana lango, ng'ombe yeyote anaweza kuingia.

Baba yangu mdogo, Mzee Rwegasira, alikuwa tayari ameniahidi kuja kutoka Bukoba, na Jumamosi ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kwenda Kagugu. Nilichotakiwa kufanya mpaka Jumamosi ni kukaa kimya. Hicho tu. Mbuzi angeweza.

Jumanne mvua ikanikuta Muhima, nikajibanza kwenye kichochoro nyuma ya maduka, nikainua macho, na mbele ya pua yangu nikaona matundu ya mraba. Nilikuwa nimepita mbele ya jengo lile zaidi ya mwaka bila kulitambua, kwa sababu upande wa barabarani walikuwa wamelifunika mabati, vibao, rangi ya bluu na matangazo ya sabuni, lakini kwa nyuma hakuna aliyejisumbua, na Bwana Kivuli alikuwa amesimama pale vilevile alivyoachwa. Nilisahau mvua. Nawaambia ukweli, sijawahi kufurahi vile hata siku Speciose aliponikubali, na sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka pabaya, kama mtakavyoona.

Kesho yake, mapumziko ya mchana, jua likiwa kali juu kabisa, nikarudi. Chini lilikuwa duka kubwa la vitenge lenye wauzaji kadhaa, kila mmoja na meza yake, na wakati ule walikuwa wamekaa nyuma ya meza wanakula. Nikapita kama mtu mwenye shughuli, nikaikuta ngazi mwishoni, nikaanza kupanda, na jamani, acheni niseme kidogo, mwanga ulikuwa unashuka ukutani umepoa kabisa, humwoni anayeutuma, unahisi kama umeingia ndani ya mtungi wa maji. Nikasimama katikati ya ngazi mdomo wazi.

"Karibu, papa. Iko nini unatafuta huku?"

Juu ya ngazi alikuwa amesimama mama mmoja mnene, futi ya kushonea imening'inia shingoni. Huyo ni Mama Fideli, Mrundi wa Bujumbura, aliyekuwa anakodisha nguo za harusi ghorofa ya juu. Nyuma yake niliona magauni meupe yamening'inia kwenye mstari.

Hapa ndipo palipokuwa na njia panda. Ningeweza kusema, mama, nimekuja kuangalia ngazi yako. Lakini mwezi uliopita mwenzangu wa ofisini alikutwa anachora daraja, akashinda kutwa nzima akiwaelezea askari kwa nini mtu mwenye akili zake anachora daraja wakati wa vita, na mimi nilikuwa mgeni, na futi mfukoni. Halafu, kusema kweli, niliona haya. Mtu mzima anakuja kuangalia ngazi?

"Natafuta nguo za harusi," nikasema.

Uso wa Mama Fideli ukafunguka wote. Akanivuta juu, akanivua koti langu, akaniingiza kwenye koti jeusi linalong'aa kola, kubwa mikononi na dogo mabegani, akajaza pini kinywani na kuanza kuikunja mikono ya koti na kuibana, pini baada ya pini, kuzunguka mkono mzima, huku akiongea kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mariage iko lini?"

"Karibuni."

"Bibi-arusi iko mufupi ao murefu? Nitafute gauni ya kufanana."

"Mrefu."

"Jina yake?"

Mwongo asiye na uzoefu huazima ukweli. Majina ya wanawake yamejaa duniani, kuna Maria, kuna Ana, kuna Yuditha. Mimi nikasema Speciose. Na alipouliza Speciose wa wapi, nikasema wa Kagugu, wa Mwalimu Gaspari, tena nikalitaja kwa madaha, kwa sababu lilikuwa linasikika vizuri likiwa limevaliwa koti.

Mama Fideli akatoa pini kinywani. Akanitazama kwa tabasamu ambalo sikulielewa.

"Subiri hapa," akasema. "Usivue."

Akashuka ngazi upesi kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza. Na mimi (mnipige kama mnataka) sikujiuliza anakimbilia wapi. Nilichowaza ni kwamba Mungu ameniachia ngazi peke yangu.

Nikashuka hadi kwenye kituo cha katikati, pale ngazi inapogeuka. Matundu yalikuwa usawa wa bega langu. Nikachungulia, nikaona giza kidogo halafu mwanga, sikuona ukingo. Nikatamani mwalimu wangu angekuwepo. Lakini sisi wachora ramani hatuamini jicho, tunaamini mkono, tulifundishwa hivyo, kwamba jicho hudanganywa na kivuli na mkono haudanganywi. Nikaingiza mkono wa kulia tundu la katikati, ukaenda, ukaenda, vidole vikatokea upande wa pili nikahisi upepo wa kichochoroni, na wakati huohuo, chini ya mkono wangu, nikauhisi. Ukingo upo. Mwalimu wangu alikuwa sahihi miaka yote ile.

Nikakubali kushindwa, nikavuta mkono nirudi zangu. Mkono haukuja.

Zile pini, jamani. Wakati wa kwenda zililala, wakati wa kurudi zikasimama na kuushika ukingo. Nikivuta na koti, pini zinagoma. Nikitaka kuutoa mkono ndani ya koti, pini hizohizo zinanichoma nyama. Nikajaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali, nikajaribu kumwomba Mtakatifu Antoni wa vitu vilivyopotea, ambaye nadhani hashughuliki na vitu ambavyo mwenyewe unajua viliko. Kitambaa kikalia kidogo, nikaacha, maana koti lilikuwa la watu.

Ndipo nikasikia nyayo zinapanda, si za mtu mmoja, na vigelegele vimeanza kabla hawajafika.

Mbele alikuwa Mama Fideli, anatweta. Nyuma yake mama mfupi wa miwani, kitenge kimekunjwa begani, na nyuma yao wauza vitenge wote, wengine bado wanatafuna.

"Huyu hapa!" Mama Fideli akasema. "Dafroza, ona umukwe wako."

Umukwe ni mkwe. Na Dafroza, mkasa ukanifungukia hapohapo, Dafroza lilikuwa jina la shangazi yake Speciose. Speciose alikuwa ameniambia, si mara moja wala mara mbili, kwamba ana shangazi anauza vitenge Muhima, ndiye aliyemlea wakati mama yake akiwa mgonjwa, na kila mchana yeye anakwenda kula kwake. Alikuwa ameniambia, na mimi nilikuwa naitikia "aha, aha" huku nikiangalia paa la benki nyuma ya kichwa chake. Na kule shangazi upande wa baba si mtu wa kando. Ndiye anayemfunda binti, ndiye anayeambiwa wa kwanza, na harusi isiyopita mikononi mwake hiyo ni kutoroshana.

Yule mama akaninyooshea mkono wa kunisalimu.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ukutani. Nikatoa wa kushoto. Akautazama kama mtu aliyepewa kiatu, akaurudisha wake polepole.

"Mukono ya kuume iko wapi?"

"Uko ndani ya ukuta, mama."

Wauza vitenge wakaguna. Shangazi Dafroza akasogea, akachungulia, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mimi ni Dafroza," akasema, kwa sauti ndogo iliyonitisha kuliko kelele. "Gaspari iko kaka yangu. Speciose iko mutoto yangu. Sasa niambie, kijana. Nani alikuja kushika irembo?"

"Bado, mama. Wazee wangu wanakuja Jumamosi."

"Wanakuja Jumamosi. Na wewe Jumatano umeshavaa."

"Nilikuwa najaribu tu."

"Unajaribu mutoto ya watu?"

"Koti, mama. Najaribu koti."

Sasa ninyi mnajua, na kama hamjui nawaambia, kule siku ya kuomba binti wasemaji wa pande mbili hukaa na kushindana kwa maneno, na upande wa mvulana ukikosea hutozwa pombe. Watu wale wanaupenda mchezo huo kuliko mpira. Muuza vitenge mmoja mwanaume, mwenye sauti ya padri, akapanda hadi ngazi ya juu yangu, akaweka sahani yake chini na kusema mtu hawezi kuhukumiwa bila msemaji, yeye atasimama upande wangu. Sikumwomba. Akaanza kunitetea kwamba familia yetu ni watu wenye haraka kwa sababu ya mapenzi, na kwamba katika historia ya Rwanda hajatokea mkwe aliyeshika lango kwa nguvu hivi, hata mkono umegoma kuliachia. Ngazi nzima ikacheka. Upande wa pili ukajibu kwamba ni lango lililomshika yeye, kwa hiyo kreti mbili za bia. Akajitetea. Ikawa tatu. Msemaji wangu alikuwa hodari sana na kila alipofungua mdomo deni liliongezeka.

Shangazi Dafroza peke yake hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Mama yule angeweza kutuma neno Kagugu jioni ileile, na Jumamosi Mzee Rwegasira angefika na pombe yake akute lango limefungwa, na Speciose, ambaye hakufanya kosa lolote zaidi ya kunipenda, angeambiwa na baba yake kwamba mwanaume wake anamtangaza madukani kama sabuni.

Na kama vile haitoshi, mkono wangu huko nje ulikuwa na maisha yake. Kigali ni milima, mnajua, kwa hiyo pale ngazini mimi niko juu, lakini kwa nyuma kichochoro kimepanda, na mkono wangu ulikuwa umetokeza usawa wa kifua cha mpita njia, kiganja wazi, pindo jeupe la mkono wa shati, umenyooka kama unasubiri. Na kule mkono uliokunyooshewa lazima uusalimu. Mtu akaushika. Akautikisa kwa heshima.

"Amakuru?" sauti ikauliza kupitia tundu, yaani habari.

"Ni meza," nikajibu, yaani nzuri, nikiuelekea ukuta. Ningefanyaje, nimelelewa.

Akaja mwingine akasalimu. Mtoto akaweka ganda la ndizi kiganjani. Huku ndani bia zimefika kreti tano, na Mama Fideli sasa ameliona koti.

"Koti iko ya watu!" akalia. "Jumamosi iko na mutu wa benki anaivaa. Musivute!"

Wakashauriana wote kwa pamoja, kila mtu na lugha yake, mwishowe wakaona kwamba mkono haurudi nyuma mpaka kwanza uende mbele, pini zitokee upande wa pili, mtu azitoe kule nje. Na ili uende mbele, bega la koti lazima litoke. Shangazi Dafroza akaomba wembe, akaanza kufumua mshono wa bega, uzi kwa uzi, uso wake karibu na sikio langu. Alikuwa ananukia mafuta ya nazi na chakula cha mchana ambacho nilikuwa nimemkatiza. Mshono ulipofunguka wakamwaga maji ya sabuni, msemaji wangu akaniegemea mgongoni na kunisukuma, nikaenda hadi shavu langu likabanwa na matofali ya Bwana Kivuli.

Nje mtu akaushika mkono wangu tena, lakini huyu hakuutikisa. Akaanza kuchomoa pini. Vidole vilikuwa vyepesi, vinajua kazi, vinatafuta kichwa cha pini na kuivuta bila kunikwaruza. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya fundi huyo asiyejulikana. Kisha vidole vikasimama. Vikakigeuza kiganja changu, vikagusa kovu la wembe wa kuchongea penseli lililoko chini ya kidole gumba.

"Respisi," sauti ikasema ndani ya tundu. "Ni wewe?"

Alikuwa Speciose, akipita kichochoroni kwenda kula kwa shangazi yake, kama alivyofanya kila siku, kama alivyoniambia kila siku.

"Ni mimi," nikasema.

Ngazi ikanyamaza. Hata msemaji wangu alinyamaza, na mpaka hapo nilikuwa nadhani hana uwezo huo.

"Umekuja kwa masenge kufanya nini? Umekuja kwa sababu yangu?"

Masenge kwa lugha yao ni shangazi. Na nawaapia, ilikuwepo sekunde ambayo ningeweza kusema ndiyo. Wote walikuwa wanaitaka hiyo ndiyo, niliona kwenye nyuso zao, Mama Fideli alikuwa ananitikisia kichwa, hata Shangazi Dafroza alikuwa ameushusha wembe. Ningesema nilikuwa nakuchagulia gauni, nilitaka kukushtukiza, na mkasa wote ungegeuka hadithi ya mapenzi. Lakini shavu langu lilikuwa kwenye ukuta na mdomo wangu ulikuwa kwenye tundu na sikuweza kumdanganya mtu aliyeshika mkono wangu.

"Hapana," nikasema. "Nilikuja kuangalia ukuta. Nilitumia jina lako ili niingie."

Kisha nikahisi anachomoa pini nyingine, taratibu vilevile, na nyingine. Halafu akauachia mkono. Nikasikia viatu vyake vinaondoka kichochoroni, havina haraka.

Alikuwa amebakiza pini mbili. Nilizitoa mwenyewe kwa kuvuta, na alama ninazo mpaka leo, mnaweza kuziona hapa.

Nilipotoka, msemaji wangu akaniangalia kwa huruma akaokota sahani yake na wote wakashuka. Mama Fideli alikuwa amekaa chini na mkono wa koti mapajani.

"Ulikuja kuona ngazi?" akauliza. "Ngazi hii? Eh, papa. Bazungu wanakuja kila mwaka kuiona, na picha wanapiga. Ninawapa hata kiti. Ungesema."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko pini.

Shangazi Dafroza alinisindikiza hadi mlangoni. Nilitegemea anitukane, ningeshukuru. Alisema tu kwamba hatamwambia kaka yake, kwa sababu aibu ile ingemwangukia mtoto na si mimi, lakini Jumamosi wazee wangu wasije. Irembo limefungwa. Atakayelifungua ni Speciose mwenyewe akitaka, na kama hataki niende salama Bukoba. Nikampigia simu baba mdogo posta, nikamdanganya kwamba kuna ugonjwa, naye akauliza nani anaumwa, nikasema mimi, na kwa namna fulani hilo halikuwa uongo.

Msimu mzima wa mvua Speciose alinihesabia chenji bila kuinua macho. Nilikuwa nanunua mkate mmoja tu, sikuwa na uso wa kununua miwili. Mwishowe siku moja duka likiwa tupu nikamwambia, niambie habari za kwenu. Akasema nilishakuambia. Nikasema najua, nami sikusikiliza, niambie tena. Kisha akaanza na bibi yake, na kila siku mchana, mkate ukiwa kaunta kati yetu, alinipa kipande kingine, nani alizaliwa na nani, nani ana goti bovu na alilipataje, nani hasemi na nani na sababu yake. Nilikuwa narudi ofisini nikirudia majina njiani kama mtu wa katekisimu.

Baada ya mavuno ya mtama akaniambia, waite wazee wako.

Tukaenda Kagugu, mimi na Mzee Rwegasira na pombe yetu, tukakaribishwa sebuleni kwa Mwalimu Gaspari, ndugu wamejaa kuta zote nne, Shangazi Dafroza akiwa karibu na mlango, uso wake haunipi kitu chochote. Wazee wakazungumza yao. Halafu Mwalimu Gaspari, ambaye kumbe alikuwa ameshasikia (Muhima nzima ilikuwa imeshasikia, mnadhani ataacha kusikia?), akanigeukia.

"Kijana, naambiwa wewe ni mtu wa kuangalia nyumba. Hii yangu niliijenga kwa mikono yangu. Unaionaje?"

Baba mdogo akanikanyaga mguu, nisifie.

"Sijaiona, baba," nikasema.

Watu wakageuka.

"Umekaa humu tangu mchana, hujaiona?"

"Nilikuwa nawaangalia ninyi." Na kwa sababu hakujibu, nikaogopa, na nikiogopa mimi huongea, nikaanza kuwasalimu mmoja mmoja kwa jina, kuanzia bibi kwenye kiti cha pembeni na goti lake, kuzunguka ukuta mpaka kwa watoto mlangoni. Nilikosea mmoja, nikamwita binamu kwa jina la mdogo wake, tukatozwa kreti ya bia. Mwalimu Gaspari akacheka mpaka akatafuta leso. Shangazi Dafroza akainuka, akavuka sebule nzima, akaninyooshea mkono wa kulia, nami nikampa wangu.

Tulioana, na mwaka uliofuata tukahamia huku Bukoba. Tangu siku ile ya Muhima nimeapa, nikitaka kuona ngazi ya mtu nagonga mlango na kusema nimekuja kuona ngazi, na kama hataki nakwenda zangu. Na sitii mkono wangu kwenye tundu lolote, hata la sanduku la barua.

Lakini msiniulize ile nyumba ya Kagugu ilikuwa na madirisha mangapi, wala paa lake lilielekea wapi. Sikuangalia, na nyumba yenyewe haipo tena tangu mwaka tisini na nne, siwezi kwenda kuiangalia. Wale waliokuwa wamekaa mle ndani siku ile ndio ninaowajua, wote, kwa majina, na Speciose akisahau mmoja mimi ndiye ninayemkumbusha.